Nauli ya Leticia

Ifakara,
17 Septemba 2024

Mume wangu Tadei,

Nimeandika "mume wangu" kisha nikaweka kalamu chini nikayatazama maneno yenyewe. Ni yangu! Hakuna wa kuninyang'anya.

Treni ilipoondoka na wewe nilibaki stesheni mpaka watu wakaanza kuniangalia. Fidelis wa behewa la mizigo ameniahidi kwamba kila akipita Uchindile atakukabidhi barua zangu mkononi. Amenicheka: "Shemeji, dunia nzima ina simu, ninyi mnaandikiana karatasi?" Nikamwambia simu haifiki kambini kwenu kwenye miti, na hata ingefika, simu huwezi kuilalia chini ya mto na kuamka nayo shavuni.

Sasa nikuambie jambo lililonikaa moyoni tangu Jumapili ile. Kwenu bibi harusi hupelekwa kaburini na fagio jipya, anafagia kaburi la mama mkwe, anataja jina lake, na kuanzia hapo yeye ni mtu wa nyumba ile. Mimi nilisimama katikati ya shamba la Minepa na fagio langu lililofungwa utepe, na sikujua nifagie wapi. Mafuriko ya masika yalikuwa yameondoka na msalaba, na ule mstari wa michongoma, na kila alama. Tope limekauka limelala sawasawa kama shuka. Baba alinyoosha mkono kushoto. Shangazi Agnella akanyoosha kulia. Na wewe, uliyepalilia kaburi lile tangu utoto, ulizunguka, ukasimama, ukazunguka tena. Nikaona mabega yako. Mpenzi wangu, yale mabega siyasahau.

Nilirudi mjini na fagio ambalo halijagusa ardhi. Limesimama nyuma ya mlango hapa chumbani. Kila nikilala linanitazama.

Juzi nilikwenda kumsalimia Shangazi. Tulikuwa tunaosha vyombo, nikamwuliza kwa nini alinifungia sarafu kwenye pindo la kanga siku ya harusi. Akafuta mikono, akasema yote. Kwamba mama yako alipozidiwa na homa, yeye ndiye aliyemshika mkono wakaenda kivukoni, wapate kuvuka kuja hospitali Ifakara. Wewe ulikuwa mgongoni kwa Shangazi. Nauli ya mama ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga yake, na Shangazi ana yake. Kivuko kilikuwa ng'ambo. Kilipofika, mama alikuwa ameshakata roho pale pale mchangani. Wanawake waliomwosha hakuna aliyethubutu kulifungua lile fundo. Walilikata pamoja na kipande cha kanga, na siku ya kuweka msalaba Shangazi akalifukia chini ya msalaba, kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Sarafu aliyonifungia mimi inatoka kwenye nauli yake yeye, ambayo hakuitumia kamwe.

Tadei, unaona ninachokiona? Msalaba umekwenda, lakini nauli ipo! Haielei, haiozi kama mbao.

Nimeshakwenda kwa Mzee Seifu, yule wa duka la spea na taa za sola. Anauza detekta, zile mashine za wachimbaji wa dhahabu. Anazo tatu. Ya kwanza inalia mlio mmoja kwa kila kitu. Mzee Seifu anasema, "Mwali, hii kwake msumari na pete ni ndugu wa tumbo moja." Ya pili ina milio mitatu, wa chini, wa kati na wa juu, na unaweza kuiamuru mlio mmoja unyamaze. Ya tatu ina kioo kama televisheni, nikaiogopa. Niambie nichukue ipi. Tutumie zile pesa za zawadi za harusi, kitanda kitasubiri. Mkeka na wewe ni kitanda tosha.

Baba ameshaelewana na mtu wa trekta. Baada ya Sikukuu ya Marehemu Wote shamba lote litasawazishwa lipandwe mpunga. Trekta likishapita, hatutakuwa na pa kutafuta.

Wako, wako, wako,
Aurelia


Uchindile,
24 Septemba 2024

Mke wangu Aurelia,

Salamu. Mimi mzima. Tunapima unene wa miti ya misindano upande wa juu, baridi ni kali. Fidelis aliniita kwa sauti mbele ya watu wote, "Barua ya mapenzi!" Wenzangu hawajaacha kunitania.

Kuhusu mama sijui niandike nini. Sikumjua. Ninalijua kaburi tu. Ndiyo maana siku ile nilichanganyikiwa, kwa sababu nilikuwa nimempoteza mtu ambaye kwangu alikuwa ni mahali.

Chukua hiyo ya milio mitatu. Na ukiichukua, mwambie Mzee Seifu ainyamazishe kwa chuma. Pale shambani palikuwa na kambi ya wavuvi miaka mingi. Pamejaa misumari ya mitumbwi, ndoana, vipande vya majembe, vizibo vya soda. Usipoinyamazisha utachimba takataka mpaka uumie mgongo. Ijaribu kwanza kwa sarafu za zamani kabla hujaondoka dukani, usikie zinavyolia.

Usiende peke yako. Mpitie Shangazi.

Mumeo,
Tadei


Ifakara,
30 Septemba 2024

Tadei wa moyo wangu,

Umeandika "mahali." Nimelisoma neno hilo nikakaa chini. Halafu nikainuka nikaenda dukani mbio, maana mtu aliyeolewa na mwanamume kama wewe hawezi kukaa chini siku nzima!

Ungetuona. Mzee Seifu ana kopo la maziwa lililojaa sarafu za zamani, za enzi za ujana wake. Alizimwaga kwenye sakafu ya uani, na mkewe, Bi Mwanamvua, akaja na kigoda chake kuangalia sinema. Kulikuwa na ile shilingi yenye mkono ulioshika mwenge. Kulikuwa na senti ishirini yenye mbuni, na senti tano nyekundu yenye samaki na pembe nyingi pembeni. Nikavaa hedifoni. Nikapitisha ile sahani ya mashine juu ya shilingi: mlio wa juu, safi, kama kengele ndogo ya altareni. Mbuni: mlio wa kati, unaelekea juu. Samaki: juu kabisa, mpaka nikacheka peke yangu. Bi Mwanamvua akasema, "Huyu anasikia taarabu huko ndani na sisi ametunyima."

Kisha Mzee Seifu akaweka msumari. Mlio wa chini, mzito, mbaya, kama mtu mwenye kifua anakohoa. Akabonyeza, akapitisha tena. Kimya! Msumari upo pale ninauona kwa macho, na mashine imekaa kimya kama imeununia. Nikamwambia hapo hapo, basi, iache hivyo hivyo.

"Una hakika?" akaniuliza.

"Mume wangu kasema."

"Haya. Mume akishasema, mimi Seifu ni nani?"

Ameniahidi pia kwamba tukimaliza kazi ataipokea, kuna wachimbaji wanaitaka.

Kesho ninavuka daraja kwenda Minepa. Fagio ninaliacha nyuma ya mlango kwanza. Nitakuja kulichukua nikishasikia kengele yangu.

Mkeo anayekuota,
Aurelia


Ifakara,
9 Oktoba 2024

Mpenzi wangu,

Leo nimeshona mapazia. Yana maua ya njano, na mwanga wa asubuhi ukipita, chumba kizima kinakuwa kama ndani ya papai. Utayapenda. Nimewaza pia kuhusu kitanda, kwamba tukinunua kiwe cha mninga, fundi wa jirani ana mbao nzuri. Na nimewaza jina. Akiwa wa kike, tumwite Leticia, jina la mama yako. Usicheke, najua bado. Lakini mtu anaruhusiwa kuwaza.

Mvua haijaanza. Wateja ni wengi, sare za shule. Ninakula vizuri. Ninakukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika, na wewe unajua ninaandika sana.

Baridi isikuumize. Vaa ile sweta.

Aurelia wako


Uchindile,
14 Oktoba 2024

Mke wangu,

Barua yako ina mapazia, ina kitanda, ina jina la mtoto. Haina shamba. Nimeelewa.

Jumapili nilipanda kilimani penye mtandao nikampigia Baba. Ameniambia umekwenda Minepa mara nyingi, kwamba umepita shamba lote kwa mistari kama mtu anayepanda mahindi, na mashine haikusema kitu hata mara moja. Amesema majirani wameanza kuja kuangalia, na kwamba jana yake ulikaa chini katikati ya shamba na hukutaka maji ya kunywa.

Baba amesema hivi: "Mwanangu, mto umemchukua. Alikufa akingoja kuuvuka, sasa umemvusha wenyewe. Mwache." Sijawahi kumsikia Baba akisema maneno mengi hivyo kuhusu mama. Nimekubali. Trekta liingie.

Sikukupigia wewe. Nisingeweza kuyasema haya kwa mdomo.

Mrudishie Mzee Seifu mashine yake. Padri atatuombea kwenye kanisa, siyo lazima kaburini. Fagio tumia kufagilia nyumba yetu. Mimi nilishakuhesabu mtu wetu siku uliyokubali kuolewa na mtu asiyejua kuongea.

Tadei


Ifakara,
19 Oktoba 2024

Mume wangu,

Safari hii sikutii, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Ni kweli yote aliyosema Baba. Nilishindwa kukuandikia. Nilikuwa nimekuahidi kengele, nikapata kimya, siku baada ya siku, mpaka masikio yakawa yananidanganya. Nilipopata barua yako nililia, nikafunga mashine kwenye boksi lake, ili niipeleke kwa Mzee Seifu leo mchana. Lakini kulikuwa na sare ya mtu ya kumalizia, nikaona niishone kwanza. Nilijifunga ile kanga ya harusi, maana nilikuwa na huzuni na kanga ile inanikumbusha mikono yako.

Unaijua ile sumaku iliyokaa kwenye meza ya cherehani, niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu? Ninaitumia kuokotea sindano zinazoanguka. Niliinama kuchukua mkasi, pindo la kanga likapita juu ya meza, likaganda. Nikalivuta, likagoma. Lile fundo la Shangazi, Tadei, lilikuwa limeng'ang'ania sumaku kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa.

Nilikaa nikilitazama. Kidato cha pili tulifundishwa kwamba shaba haishikwi na sumaku. Inayoshikwa ni chuma.

Sikulifungua peke yangu. Nilibeba mashine nikavuka mpaka kwa Shangazi, nikampa shikamoo nikiwa sijapumua, nikamwomba alifungue yeye. Alilifungua kwa meno. Ni shilingi ishirini, yenye pembe saba, na upande mmoja kuna tembo na mtoto wake. Ni ya miaka ile ile uliyozaliwa. Ukiitazama ni nyeupe, inang'aa, hudhani hata kidogo. Nikaiweka chini, nikawasha mashine kama nilivyoitumia siku zote. Kimya. Ilipita juu ya sarafu iliyo mbele ya macho yangu, ikanyamaza. Nikaondoa kile kizuizi cha chuma, nikapitisha tena. Ikakohoa. Ule ule mlio mbaya wa msumari.

Kopo la Mzee Seifu lilikuwa la sarafu za ujana wake. Mama yako hakubeba hizo. Alibeba sarafu za siku zake, na za siku zake zilikuwa chuma ndani, zimepakwa weupe juu. Sisi tuliposema "za zamani" tulidhani zamani ni moja.

Nilimwambia Shangazi, "Tulimnyamazisha sisi wenyewe." Shangazi akasema, "Usiseme hivyo. Mlikuwa hamjui analia kwa sauti gani."

Kesho ninaanza upya. Mashine itanililia kila kizibo na kila ndoana, nami nitachimba kila kizibo na kila ndoana. Mgongo ni wangu. Usimwambie Baba asimamishe trekta, niachie mimi.

Nakupenda. Leo sina maneno mengine.

Aurelia


Minepa,
28 Oktoba 2024

Tadei,

Ninaandikia kwenye goti, shambani.

Siku za kwanza zilikuwa za vizibo. Baba alikuja na fimbo yake akasimama akaniangalia. "Mkwe wangu, mwaka huu umevuna vizibo vingi, tutavipeleka soko gani?" Nikacheka, nikaendelea. Siku iliyofuata akaja na jembe. Mimi nikisikia ninaweka kijiti, yeye anachimba. Shangazi anachambua kwenye ungo. Tumetoa misumari, tumetoa kisu cha mvuvi, tumetoa nusu ya nanga. Kila kitu kilikohoa kwa namna yake, na masikio yangu yakaanza kujifunza. Msumari ni mfupi, unakatika. Kizibo kinatetemeka.

Leo asubuhi, mbali kidogo kuelekea mtoni, mahali ambapo wala Baba wala Shangazi hakunyoosha mkono, nilisikia mlio wa chini, mpana, usiotetemeka. Nikapitisha sahani kwa upande mwingine, ukawa vile vile. Nikaweka kijiti.

Baba alichimba kidogo, akaweka jembe pembeni, akaendelea kwa mikono. Palikuwa na tope la mafuriko, chini yake udongo mweusi wa zamani, na kwenye udongo ule kipande cha mti kilichooza, kisiki cha msalaba. Kando yake palikuwa na donge la kutu, kubwa kama yai la bata. Kanga imeshaoza yote, lakini sarafu zimeshikana kwa kutu kama zingali zimefungwa. Upande mmoja pembe zinahesabika.

Baba alivua kofia. Alisema, "Leticia. Kumbe hukuondoka." Kisha akageukia mto, mgongo wake kwetu, nasi tukamwacha.

Hatukulitoa. Tumelifunika. Nilimwomba Shangazi tuifukie na ile sarafu yangu hapo hapo, ziwe pamoja. Akanirudishia kwenye kiganja na kukifunga kwa mkono wake. "Leticia ana nauli yake. Hiyo ni ya anayebaki."

Baba amekwenda kumwambia mtu wa trekta azunguke. Wewe njoo na treni. Njoo kabla ya Marehemu Wote. Sijafagia, ninakungoja.

Mkeo


Uchindile,
7 Novemba 2024

Aurelia wangu,

Nimerudi salama. Wenzangu wananishangaa kwa kuwa nimeomba karatasi kabla ya kuomba chai.

Nilipokuja sikukuambia kwamba nilimsimamisha mtu wa bodaboda mwanzoni mwa daraja, nikavuka kwa miguu. Nimelipita lile daraja mara nyingi, siku zote kwa haraka, nikitazama mbele. Safari hii nilisimama katikati nikatazama kule kivuko kilipokuwa kinatia nanga. Siyo mbali. Mtu akiita upande huu, wa upande ule anasikia. Nilikuwa sijui kwamba siyo mbali.

Nataka kukuandikia kuhusu fagio, kwa sababu pale sikuweza. Ulifagia polepole kama unamfagilia mgonjwa asishtuke. Ulisema, "Shikamoo mama. Mimi ni Aurelia." Basi. Wewe ambaye hukosi maneno, siku hiyo ulikuwa na hayo tu. Padri alipomwaga maji ya baraka mimi nilikuwa bado nasikiliza hayo.

Halafu uliniuliza jambo, sikukujibu. Watu walipokwisha ondoka ulinivalisha hedifoni, ukapitisha sahani juu ya kaburi ili nisikie. Ukapitisha tena. Ukaniuliza, "Umesikia?" Nikakubali kwa kichwa. Ukataka kuzivua, nikakushika mkono. Tukakaa vile mpaka ukachoka, ukaniuliza kwa nini sitaki kuzivua na mlio ni ule ule mmoja.

Nitakujibu sasa. Shangazi aliwahi kuniambia, nikiwa mdogo, kwamba pale mchangani mama hakuweza tena kusema, lakini aliendelea kuniitikia kila nilipolia. Sauti ya chini, kifuani, mdomo umefumba. Nilikuwa mgongoni kwa Shangazi, mimi nalia, yeye anaitikia. Niliyasikia hayo kama hadithi ya mtoto wa mtu mwingine. Sikuwahi kujua sauti hiyo ilikuwaje, mpaka uliponivalisha hedifoni.

Mashine mrudishie Mzee Seifu, wachimbaji wanaingoja. Mwambie nashukuru. Mwambie pia, yeyote atakayeichukua, asinyamazishe kitu mpaka awe amejua anamtafuta nani.

Msalaba mpya nitauchonga mwenyewe huku, wa msindano, nitakuja nao Krismasi. Lile fagio usifagilie nyumba. Litundike.

Nakupenda, mke wangu. Nimeliandika. Lilalie.

Tadei